Mwalimu Msaidizi wa Awali Apewe Kazi Yake

Ukitembelea madarasa ya awali na vituo vya kulelea watoto wadogo mchana katika Mkoa wa Dodoma, ambako nimefanya kazi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya ualimu, mara nyingi utamkuta mwalimu msaidizi karibu na mlango. Hukaa hapo kwa sababu ndiye anayempeleka mtoto chooni, ndiye anayemfuta kamasi, ndiye anayetumwa ofisini kufuata chaki, na ndiye anayemrudisha ndani mtoto aliyetoroka kwenda kumchungulia kaka yake wa darasa la pili. Mwalimu wa darasa yuko mbele, ubaoni. Mpangilio huo umezoeleka kiasi kwamba wengi hawaoni kuwa ni uamuzi ambao mtu aliufanya na ambao mtu anaweza kuubadilisha. Hoja yangu ni kwamba msaidizi huwafaa watoto pale anapokuwa na kazi yake mwenyewe ya kufundisha na kulea, kazi iliyopangwa na kuelezwa, na kwamba msaidizi asiye na kazi ya namna hiyo asilaumiwe watoto wakimaliza mwaka kama walivyouanza.

Chimbuko la hali hii ni wingi wa watoto. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, kwa mtoto mwenye umri kati ya miaka 3 na 5, na elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016 wazazi waliitikia kwa kasi ambayo shule nyingi hazikuwa zimejiandaa nayo: walioandikishwa awali nchini walipanda kutoka watoto wapatao milioni moja mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni moja na nusu mwaka uliofuata. Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika shule za serikali za vijijini, darasa la watoto 80 au 100 mbele ya mwalimu mmoja si jambo la kushangaza, na mwalimu huyo, kwa jinsi nilivyoona mimi, mara nyingi amehamishiwa awali kutoka madarasa ya juu kwa sababu tu anakaribia kustaafu au ametoka likizo ya uzazi, kana kwamba kuwafundisha watoto wadogo ni namna ya kupumzika.

Msaidizi aliingia kwa mlango wa nyuma. Katika ikama, yaani orodha rasmi ya nafasi za kazi, ya shule ya msingi ya serikali sijawahi kuiona nafasi inayoitwa mwalimu msaidizi wa awali. Aliyekuwepo ni kijana wa kijijini, kwa kawaida msichana aliyemaliza kidato cha nne, aliyependekezwa katika mkutano wa kijiji na kulipwa posho kutokana na michango ya wazazi, pengine kwa debe la mtama wakati wa mavuno. Programu ya EQUIP-Tanzania, iliyoanza mwaka 2014 kwa ufadhili wa Uingereza na kufanya kazi katika mikoa kadhaa ukiwamo Dodoma, iliwatumia vijana wa aina hiyo kuwaandaa kwa ajili ya darasa la kwanza watoto ambao hawakupitia awali, hasa katika shule shikizi, yaani madarasa ya vijijini yaliyo chini ya shule nyingine iliyo shule mama, na katika vijiji vilivyo mbali na shule mama hiyo. Kilichofuata kilikuwa na kinaya chake: agizo lile lile la elimu bila ada lililojaza madarasa ndilo lililozuia michango ya lazima, na bila michango posho ya msaidizi ilikatika. Watoto waliongezeka na mikono ikapungua ndani ya mwaka mmoja. Katika shule binafsi za mijini hali ni tofauti, kwa kuwa msaidizi ameajiriwa na ana sare, ila hata huko mara nyingi utamkuta pale pale mlangoni.

Kuna wanaodhani kwamba dawa ni kuongeza watu wazima darasani, basi. Ushahidi hauungi mkono wazo hilo kwa urahisi. Mwaka 1985 jimbo la Tennessee nchini Marekani lilianza jaribio kubwa ambalo bado linatajwa kila mahali panapojadiliwa ukubwa wa madarasa. Watoto wa chekechea hadi darasa la tatu waligawanywa kwa kura katika makundi ya aina tatu: madarasa madogo ya watoto 13 hadi 17, madarasa ya kawaida ya watoto 22 hadi 25, na madarasa ya kawaida yaliyoongezewa msaidizi wa mwalimu. Waliokuwa katika madarasa madogo walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao. Waliokuwa katika madarasa ya kawaida yenye msaidizi hawakutofautiana kwa kiasi cha maana na wale ambao mwalimu wao alikuwa peke yake. Mtu mzima wa pili alikuwepo, alilipwa, na alama za watoto zilibaki karibu pale pale.

Uingereza walipata matokeo yanayouma zaidi. Utafiti uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2008 katika shule za Uingereza na Wales, ukiongozwa na Peter Blatchford na wenzake wa London, uligundua kwamba wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wanafunzi wanaofanana nao waliopata msaada mdogo, hata baada ya watafiti kuzingatia kwamba wanaosaidiwa sana kwa kawaida ndio wenye matatizo zaidi. Watafiti hawakuwatupia lawama wasaidizi wenyewe. Walieleza kwamba mwanafunzi dhaifu alikuwa anakabidhiwa kwa msaidizi na hivyo kutengwa na mwalimu, kwamba msaidizi alikuwa hapewi muda wa kujiandaa pamoja na mwalimu, na kwamba mazungumzo yake na mwanafunzi yalilenga kuimaliza kazi kuliko kuielewa. Utafiti huo ulihusu wanafunzi wakubwa kuliko wetu, lakini mtu yeyote aliyekaa katika darasa la awali la Kitanzania ataitambua picha hiyo mara moja.

Upande wa pili uko India, na huu ndio ninaoupenda, kwa kuwa mazingira yake yanakaribiana na yetu. Katika jimbo la Tamil Nadu watafiti walichukua vituo 320 vya serikali vya kulelea watoto wadogo, ambavyo kila kimoja kilikuwa na mfanyakazi mmoja anayefundisha, kupima uzito wa watoto, kugawa chakula na kujaza madaftari, pamoja na mpishi wa kumsaidia. Nusu ya vituo viliongezewa mtu mmoja wa nusu siku, na mtu huyo alipewa jukumu moja linaloeleweka: kuwafundisha watoto wa umri wa awali. Muda wa kufundisha uliongezeka maradufu. Mfanyakazi wa zamani naye akapata nafasi ya kushughulikia lishe na afya, na baada ya miezi 18 watoto wa vituo hivyo walikuwa mbele katika hesabu na lugha, huku udumavu na utapiamlo mkali vikiwa vimepungua. Tofauti kati ya Tennessee na Tamil Nadu siioni katika elimu ya msaidizi, kwa sababu wasaidizi wa India hawakuwa wasomi wakubwa. Naiona katika jukumu: huko India msaidizi alijua asubuhi anakwenda kufanya nini, na mwenzake alijua amepunguziwa nini.

Katika kituo ninachokisimamia sasa tunaanza na kikao kifupi kabla ya watoto kufika, tukiwa tumesimama, wakati uji unachemka. Andalio la somo huandikwa na mwalimu wa darasa, lakini ninataka liwe na safu ya msaidizi, na katika safu hiyo yaandikwe mambo matatu tu: kona (sehemu ya darasa yenye zana za shughuli fulani) atakayoisimamia, watoto watakaofuatiliwa siku hiyo, na maneno mapya ambayo yeye na mwalimu watayatumia kwa makusudi mbele ya watoto. Safu isiyojazwa huirudisha. Walimu wengine wamewahi kunung'unika kwamba huo ni urasimu, na ninakubali kwamba ni kazi ya ziada kwa mtu ambaye tayari ana azimio la kazi, rejista na ripoti ya mwezi, lakini sijaona njia nyingine ya kumtoa msaidizi mlangoni.

Kona ndipo ufundi wa msaidizi unapoonekana. Darasa letu lina kona ya lugha, kona ya hesabu, kona ya nyumbani yenye masufuria mabovu na vipande vya kanga, na nje kuna mchanga na beseni la maji. Zana ni zile ambazo kila mwalimu wa awali nchini anazijua: vizibo vya soda, vijiti, mbegu za ubuyu, makopo, maboksi, udongo wa mfinyanzi. Mtoto wa miaka minne anaweza kuimba moja hadi ishirini bila kosa, na ukimwomba akupe vizibo vitano akakuletea kiganja kizima. Msaidizi ambaye hajafunzwa atasema "umekosea" na kumhesabia. Ninachowafundisha ni kuuliza, kisha kunyamaza. "Umenipa vingapi?" Halafu asubiri. Kusubiri ndiko kugumu kuliko yote, kwa kuwa mtu mzima hushindwa kuvumilia ukimya wa mtoto hata kwa muda mfupi, humkatiza, humpa jibu, na mtoto hujifunza upesi kwamba akikaa kimya kazi itafanywa na mwingine. Mtoto akianza kuhesabu kwa kugusa kizibo kimoja kimoja na kuruka kimoja, msaidizi hamsahihishi papo hapo. Anamwomba avipange mstari kwanza, kisha ahesabu tena. Mara nyingi mtoto hujisahihisha mwenyewe, na furaha inayomjia usoni hapo haifanani na ile ya kuambiwa hongera.

Aina ya maswali pia ni jambo la kulifundisha. Swali la "hii ni rangi gani?" lina jibu moja, nalo likishatolewa mazungumzo yamekufa. Mtoto anayepika katika kona ya nyumbani anaweza kuulizwa leo wageni ni akina nani, mboga imetoka wapi, kwa nini moto umezimika, na hapo utasikia habari za bibi, za shamba, za mbuzi aliyeingia jikoni, katika sentensi ndefu ambazo mtoto huyo huyo hajawahi kuzitoa akiwa amekaa kwenye jamvi na wenzake arobaini. Mwalimu aliye mbele ya darasa hana nafasi ya kuyafanya hayo, hata awe hodari namna gani. Msaidizi anayo. Ndiyo maana nakataa kabisa msaidizi kutumia muda wa kona kuandika tarakimu kwenye madaftari ya watoto ili wazifuatishe, desturi iliyoenea mno kwa sababu wazazi hutaka kuona daftari lililojaa.

Sasa nije kwa watoto wanaosuasua, kwa sababu hapa utafiti wa Uingereza ulinibadilishia utaratibu. Katika madarasa mengi mwalimu huendelea na wale wanaoweza, na msaidizi hupewa wale wasioweza, wakakae naye pembeni, chini ya mti au nyuma ya darasa. Inaonekana ni huruma. Kwa kweli ni kumchukua mtoto mwenye haja kubwa zaidi ya ujuzi na kumkabidhi kwa mtu mwenye mafunzo machache zaidi, kila siku, mwaka mzima. Kwetu tunafanya kinyume: msaidizi husimamia kundi kubwa la watoto wanaojiweza, wakiwa katika kona au katika michezo ya nje, na wakati huo mwalimu wa darasa anakaa chini na wachache wanaohitaji kufundishwa upya. Makundi hayadumu. Mtoto aliye katika kundi la wachache leo kwa sababu ya hesabu, kesho yuko na wenzake kwa sababu ya hadithi. Msaidizi naye hufanya vizuri zaidi hivi, maana kuongoza mchezo wa watoto wengi ni kazi ambayo wasaidizi wengi huijua tangu utotoni mwao, wakati kumwelewesha mtoto mmoja dhana iliyomshinda ni kazi inayohitaji mbinu za darasani.

Kwa upande mmoja msaidizi wa kijijini humzidi mwalimu. Lugha ya kufundishia katika awali ya shule za serikali ni Kiswahili, na mwalimu anaweza kuwa ametoka Mbeya au Kagera, akapangiwa kijiji cha Chamwino au Bahi ambako mtoto wa miaka minne, hasa aliyelelewa na bibi, amekua akisikia Kigogo. Wiki za mwanzo mtoto huyo haelewi karibu lolote linalosemwa ubaoni, na rejista itaandika "mzito". Msaidizi aliyezaliwa hapo humpokea mlangoni, humwamkia bibi aliyemleta kwa "mbukwa" ya heshima, humweleza mtoto kwa lugha yake kwamba baada ya uji kutakuwa na mchezo na kwamba bibi atarudi mchana, kisha huyarudia maneno hayo hayo kwa Kiswahili. Anaposimulia hadithi hutumia lugha zote mbili bila kuona haya. Nimewahi kukutana na wakaguzi waliolichukulia hilo kama udhaifu. Kwa maoni yangu ndilo daraja pekee alilonalo mtoto huyo, na atalivuka mapema kuliko tunavyodhani, tukiacha kumwaibisha. Katika shule za mchepuo wa Kiingereza msaidizi mara nyingi hukatazwa hata Kiswahili, na matokeo yake ni mtu mzima anayezungumza na watoto kwa maagizo mafupi ya kukariri, kwa sababu hiyo ndiyo lugha aliyo nayo, hivyo mazungumzo niliyoyaeleza kwenye kona hayawezekani tena.

Baadhi ya wasomaji watauliza kama basi nadharau kazi ya choo na uji. Sivyo. Mtaala wa Elimu ya Awali wa mwaka 2016 uliweka kutunza afya miongoni mwa umahiri mkuu ambao mtoto alitakiwa kuujenga, sambamba na kuhusiana, kuwasiliana na stadi za awali za kihisabati, na programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahesabu afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na ujifunzaji kama mambo yanayokwenda pamoja kwa mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Kwa hiyo kunawa mikono kwenye kibuyu chirizi ni kipindi, na mwalimu wa kipindi hicho ni msaidizi. Akiwa hapo anaweza kuwapanga watoto wahesabiane, anaweza kuwaambia waseme nani yuko mbele na nani yuko nyuma, anaweza kumwacha mtoto ajifunge vifungo mwenyewe hata kama foleni itachelewa kidogo. Wakati wa uji anakaa na kunywa pamoja nao, hasimami juu yao, na hapo ndipo anapogundua mtoto aliyeacha kikombe chake kikiwa kimejaa, jambo ambalo kwa mtoto wa Dodoma katika miezi ya njaa kabla ya mavuno si la kupuuzwa. Kilicho kibaya ni kuwa na mtu mmoja wa choo na uji na mwingine wa ualimu. Kwetu mwalimu wa darasa naye ana zamu yake ya choo, na watoto huwaita wote wawili mwalimu.

Msaidizi huona vitu ambavyo mwalimu havioni, na vingi hupotea kwa sababu hakuna anayemuuliza. Nampa kila mmoja daftari dogo la kuandika mambo aliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio, bila hukumu. "Mkorofi" silikubali. "Alimnyang'anya mwenzake gari mara tu mama yake alipoondoka, akalia, kisha akatulia alipopewa maji" nalikubali, kwa sababu sentensi hiyo inanielekeza kwenye kuagana na mama, wala si kwenye ukorofi. Mtoto asiyegeuka akiitwa kutoka nyuma, mtoto anayesogeza kitabu karibu sana na uso, mtoto ambaye amerudi kukojoa nguoni baada ya kuwa amekwisha kuacha: haya huonekana kwanza na mtu aliyeko chini, katika kimo cha watoto. Ijumaa mwalimu na msaidizi husoma madaftari pamoja, na mzazi akiitwa, huitwa na wote wawili.

Kuna mambo mawili ambayo sina mjadala nayo. La kwanza ni fimbo. Msaidizi wa mlangoni mara nyingi hupewa kiboko, kama alama ya mamlaka ambayo hakupewa kwa njia nyingine. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinatoa mamlaka hayo kwa mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kwa makosa makubwa, hivyo msaidizi anayemchapa mtoto wa miaka minne kwa sababu amemwaga uji hana pa kujitetea, achilia mbali kwamba mtoto huyo hataongea naye tena kwenye kona. La pili ni kumkabidhi mtoto. Jina la mtu anayeruhusiwa kumchukua mtoto huandikwa siku ya kuandikishwa, na dereva wa bodaboda, hata kama anafahamika mtaa mzima, hapewi mtoto kwa maneno ya simu ya mtu ambaye sauti yake hatuijui. Msaidizi ndiye anayesimama getini saa hiyo, kwa hiyo ndiye anayestahili kuungwa mkono na uongozi anapomkatalia mjomba mwenye hasira. Nimeshuhudia kwingine msaidizi akigombezwa mbele ya mzazi kwa kufanya kile alichoagizwa, na baada ya hapo hakumkatalia mtu tena.

Kuhusu mafunzo, mfano ninaouheshimu umetoka pwani. Mwaka 1986 mjini Mombasa ulianzishwa mpango wa shule za awali za madrasa, kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan na kwa uongozi wa Bi. Swafiya Muhashamy-Said, ukaenea Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Waliofundishwa walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, wengi wao wakiwa hawajawahi kusomea ualimu, na walifundishwa zaidi wakiwa kazini: mkufunzi alikuja darasani, akakaa, akatazama, akafanya kazi pamoja nao, akarudi tena baada ya muda. Wanawake hao wakawa walimu kamili. Semina ya siku tatu mjini yenye posho na cheti, ambayo ndiyo tuliyoizoea sisi, humwacha msaidizi na kabrasha zuri na mazoea yale yale. Sina mkufunzi wa kuja kila wiki, lakini mwalimu wa darasa ninaye, na sehemu ya kazi yake ni kukaa kimya kwa muda mfupi na kumtazama msaidizi akiongoza kona, kisha wabadilishane.

Barua nyingi ninazopokea kutoka kwa wasaidizi zinauliza jambo moja, yaani njia ya kutoka hapo walipo. Kwa sasa njia ni nyembamba. Vyuo vya ualimu hupokea waliopata daraja la kwanza hadi la tatu katika mtihani wa kidato cha nne, na wasaidizi wengi wa vijijini walipata daraja la nne. Wanaotaka kufanya kazi katika vituo vya mchana, ambavyo husajiliwa na ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, wanaweza kuulizia mafunzo ya ulezi katika chuo cha Kisangara, wilayani Mwanga, na wapo wanaopitia vyuo vya Montessori kama vile vya Lushoto na Mtwara. Wengine hurudia masomo waliyofeli kama watahiniwa wa kujitegemea, wakisoma usiku baada ya kazi. Kabla hujalipa ada mahali popote, uliza kwanza cheti chao kinatambuliwa na nani, kwa maana kuna vyuo vya mitaani vinavyochukua fedha za mabinti hawa na kuwapa karatasi isiyokubaliwa kokote. Nawe mwalimu mkuu au mmiliki wa kituo, msaidizi wako anapokuomba barua ya utambulisho, usiandike kwamba alikuwa mwaminifu na mchapakazi. Andika kona alizosimamia, umri na idadi ya watoto aliokuwa nao, kumbukumbu alizotunza na vipindi alivyoongoza mwenyewe. Kama huna la kuandika hapo, maana yake hukuwahi kumpa kazi hizo, na mwaka mpya wa masomo unaanza Januari.